Mama Aliyekuzaa ama Uliyemzaa?

Nyinyi wauguzi vijana wa kituo chetu cha afya hapa Mbooni mliniomba niwaandikie "mambo mawili matatu ya kuwasaidia kazini." Najua kwa nini. Siku ya kuniaga nilikuwa nimeanza hotuba, wali ukawa unapoa, na mmoja wenu akanong'ona kwamba mzee aandike tu, tutasoma. Basi someni. Vyeo sitavitaja, maana vilivyonijia vilichelewa, na waliopata vile vilivyonipita wameshasahaulika. Mshahara nao hauna hadithi, na mnaujua. Nitaandika kazi, na hasa vita nilivyopigana tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho: mimi nilitaka kukaa na mgonjwa, na kila mkubwa niliyemfanyia kazi alitaka nikae na printa.

Kabla sijavaa nguo nyeupe nilikuwa mtu wa kompyuta mjini Kitui. Nilikuwa na ofisi katika shirika moja la kununua mazao, feni inayozunguka, kiti kinachozunguka, na funguo za chumba ambacho wenzangu walidhani kina jini. Kazi yenyewe, nikisema ukweli, ilikuwa kuwaambia watu wazima wazime mashine kisha waiwashe. Mara nyingi ilifaulu, wakanishukuru kwa chai na mandazi. Ilipokataa, nilikunja uso, nikatamka maneno matatu ya Kiingereza, kisha nikaizima na kuiwasha mimi mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la pili. Niliishi vizuri na nilichoka hadi kwenye mifupa.

Siku moja hospitali moja ya huko iliniazima niwavutie nyaya za kompyuta mpya. Nilikuwa chini ya meza ya wauguzi katika wodi ya wanawake, nimevaa koti langu la bluu la kazi, niliposikia sauti juu yangu.

"Wewe wa chini ya meza! Toka ushike mguu."

Nilichomoa kichwa. Aliyesimama pale ni Sista Kalekye, muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke mfupi, mpana, ambaye angeuza ng'ombe mnadani bila kipaza sauti.

"Sista, mimi ni wa kompyuta."

"Na kompyuta si inashikwa na mikono? Lete hiyo mikono."

Mguu ulikuwa wa nyanya mmoja mwenye ugonjwa wa sukari, na kidonda kilikuwa kimemla nusu ya kisigino. Nilishika. Kalekye aliosha, akakata nyama iliyokufa, akaosha tena, huku akinieleza kila anachofanya kana kwamba nimelipa karo. Harufu ilinipanda hadi utosini. Nyanya akaniangalia, akaniambia kwa Kikamba kwamba mikono yangu ina joto zuri, nisiitoe. Nilikuwa nimeshika mashine miaka na miaka na hakuna hata moja iliyowahi kuniambia nisitoe mikono. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Kesho yake nilirudi ingawa nyaya zilikuwa zimekwisha. Nilijitia kukagua soketi. Kalekye alinitazama mara moja tu.

"Hizo waya ziko sawa," akasema. "Shika beseni."

Nilishika beseni wiki ile yote, na mwisho wake nikakata shauri. Nilipomweleza mke wangu, Mama Mumo, alikuwa amepakata ungo anachagua mawe kwenye ndengu. Hakuinua kichwa.

"Unaacha kazi ya kukaa uende ya kusimama?"

"Ndiyo."

"Na hiyo ya kukaa si ndiyo ulikuwa unasema inakuumiza mgongo?"

"Ndiyo."

"Aiya! Basi mgonjwa ni wewe," akasema, na akaendelea na mawe yake.

Mchungaji wetu alikuja nyumbani kuikemea roho ya kuchanganyikiwa initoke. Aliomba kwa nguvu, akatembea sebuleni huku na huku, akatoa jasho hadi Mama Mumo akamletea taulo. Baada ya amina akaniuliza kama naweza kupitia kanisani niangalie kinanda cha umeme, maana kilikuwa kinakoroma wakati wa sadaka. Nilikitengeneza Jumamosi. Roho ya kuchanganyikiwa haikutajwa tena.

Katika chuo cha uuguzi niliwakuta watoto walio na umri wa kunisalimu kwa adabu, na hawakunisalimu. Waliniita Mzee Kibodi. Walimu nao walinipenda kwa sababu zao: somo la moyo lilikuwa haliwezi kuanza kabla sijapiga magoti nyuma ya projekta. Mpaka leo upande wa kushoto wa moyo naujua vizuri kuliko wa kulia, kwa kuwa picha ya kulia ilipita nikiwa natafuta waya. Nililalamika kwa mwalimu mkuu. Akaniambia nina kipaji, kisha akanionyesha simu yake.

Nilipelekwa kufanya mazoezi ya kazi kwenye wodi ya wanaume ya hospitali ile ile ya Kitui, na siku hizo Sista Kalekye alikuwa amehamishiwa huko. Siku ya kwanza alinipa mgonjwa mmoja tu, mwanamume wa makamo aliyekuwa amefanyiwa upasuaji na sasa anakataa kula. Nilimshughulikia nilivyozoea. Nilipitia faili lake, nikaangalia dawa anazotumia, nikamchungulia ulimi, nikambonyeza tumbo, nikapima joto. Nikarudi kwa Kalekye na sababu tano zinazowezekana, nimezipanga kuanzia mdomoni kushuka chini. Alinisikiliza hadi mwisho, na hilo lilinitia wasiwasi.

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini, Sista?"

"Mbona hali chakula."

Nilirudi nikamuuliza. Mgonjwa alitazama mlangoni kwanza, kisha akaniita karibu. Mama mkwe wake, mama mwenye upendo na nafasi, alikuwa anakuja kumjulia hali kila saa ya chakula, anaketi miguuni pa kitanda na kumkazia macho. Nyinyi mliozaliwa huku mnajua mwanamume wa Kikamba hatafuni mbele ya mama mkwe wake. Afadhali afe njaa, na huyu alikuwa ameshaanza. Nilimwomba mama akae kwenye benchi la nje apate hewa. Mgonjwa akala sahani mbili, akaomba na ya jirani. Kuanzia siku hiyo Kalekye alianza kuniita kwa jina langu, Mutinda, badala ya "wewe wa waya".

Wagonjwa wenyewe waliniita sista. Kwa nyanya zetu, kila anayevaa nyeupe na hana haraka ni sista, awe na ndevu au asiwe nazo. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Baadaye nikaona wanaoitwa daktari hawaulizwi maji wala hawaambiwi siri, nikaacha.

Niseme kidogo kuhusu vyombo, kwa sababu nyinyi mnavidharau. Mashine ya presha ya kupampu kwa mkono haijawahi kuniomba nywila. Kile kipembe cha mti cha kusikilizia mtoto tumboni hakihitaji chaji, na ukikiangusha kinaokotwa. Mgongo wa kiganja cha muuguzi kwenye paji la mgonjwa hukosea, lakini mgonjwa hutulia, jambo ambalo sijaona tableti ya kompyuta ikilifanya. Mimi nilikuwa na kifaa kimoja cha ziada, bisibisi ndogo niliyoiacha mfukoni kwa mazoea ya zamani. Hiyo bisibisi ndiyo iliyoniponza.

Nilipopangiwa kazi hapa Mbooni, mkuu wa kituo wakati huo alikuwa Bwana Kimeu, mtu mwema anayeogopa kila barua inayotoka mjini Wote, kwenye makao ya kaunti. Alisoma faili langu akapita vyeti vyote vya uuguzi kama mtu anayepita misumari, akatua kwenye kompyuta.

"Mungu amejibu," akasema.

Nilidhani walikuwa wanakosa mkunga. Alinishika mkono akanipeleka chumba cha nyuma, akanionyesha printa. Ilikuwa inakula karatasi, inatema nusu, na kulia. Niliirekebisha siku hiyo ya kwanza kwa adabu ya mgeni, na adabu hiyo niliilipia miaka mingi. Nikiwa nashona kidonda, nilikuwa naitwa. Nikiwa nambembeleza mama achanjishe mtoto, nilikuwa naitwa. Ndugu za wagonjwa nao waliniletea simu zilizoingia maji, wakiziweka kitandani kando ya mgonjwa, na wengine walitaka simu itangulie kuhudumiwa. Nikikataa, Kimeu alikuwa anasema, "Ni dakika moja tu, Mutinda." Sijawahi kuona printa ya dakika moja.

Halafu ukaja mfumo wa kompyuta. Tuliitwa Wote, tukapewa fulana na keki, na kijana mmoja aliyevaa viatu bila soksi akatueleza kwamba kuanzia sasa tableti itamjua mgonjwa kabla hajafungua mdomo. Unaandika jina na namba ya simu, inakuletea umri wake na magonjwa yake ya zamani. Unabonyeza dalili, inakuletea dawa. Ukichelewa na mgonjwa mmoja, alama nyekundu inawaka, na wakubwa wanaiona huko waliko. Watu walipiga makofi. Mimi sikuwa mpinzani wa mashine, msinielewe vibaya. Nilikuwa najua jinsi zinavyotengenezwa, na nani anazitengeneza, na saa ngapi wanaenda nyumbani. Nilitabasamu na keki yangu.

Mwezi huo huo tukamzika bibi mmoja, Ndinda, wa kule juu karibu na kanisa, aliyekuwa mteja wetu wa presha kwa miaka. Nilienda mazishini kwa sababu nilimpenda. Mtoto wake, Muthoka, mwanamume mpole anayelima mboga, alilia waziwazi mbele ya wazee, nami nikamheshimu kwa hilo. Tulikula wali, tukaimba, tukarudi kazini. Hakuna aliyekumbuka kuiambia tableti.

Wiki chache baadaye, siku ya kliniki, nilikuwa kwenye meza yangu na laini ya wagonjwa imefika kwenye lango. Kimeu akaja mbio, tai imepinda.

"Mutinda, printa imekwama na wageni wa kaunti wanataka ripoti."

"Niko na wagonjwa."

"Nekesa atawaona. Dakika moja tu."

Nekesa alikuwa muuguzi mpya kutoka pande za Busia, msichana mwerevu, mwenye bidii, na mwenye huruma kuliko sisi wengi. Kikamba alijua salamu na "asante" tu. Nilisimama, yeye akaketi kwenye kiti changu. Muthoka alikuwa wa tatu kwenye laini, na yaliyofuata aliniambia Nekesa mwenyewe, neno kwa neno.

"Nimekuja kuchukua dawa ya mama," Muthoka alisema.

"Ako na shida gani?"

"Anaharisha tangu jana. Sasa amelegea."

"Mbona hujamleta?"

"Hawezi kutembea. Na hii jua itammaliza."

"Anakula?"

"Ni uji tu. Hana meno."

"Choo anajipeleka?"

"Wee! Huyo anajiendea tu hapo hapo. Sisi ni kumbadilisha."

Nekesa aliingiwa na huruma. Akaandika jina, Ndinda, na namba ya simu ya Muthoka. Tableti ikafikiri kidogo, ikamletea Ndinda mmoja tu kwa namba hiyo: bibi wa miaka sabini na kitu, mwenye presha. Akauliza, "Ni huyu Ndinda?" Muthoka, ambaye kutoka alipoketi aliona mgongo wa tableti peke yake, akajibu, "Ni Ndinda, ndio." Nekesa akabonyeza kuharisha, akabonyeza udhaifu, akabonyeza hana meno. Mfumo ukawaka kijani na kutoa vidonge vya kufunga tumbo vya watu wazima, viwili kwa mpigo, kisha kimoja kila baada ya choo. Alama nyekundu ilikuwa bado haijawaka. Na kwa kuwa ana roho nzuri, Nekesa akaongeza ushauri wake mwenyewe: "Kama hana meno, mponde hizi tembe muweke kwa uji."

Nilirudi vidole vikiwa vyeusi kwa wino. Printa ilikuwa inafanya kazi na Kimeu alikuwa anaisifu. Nikamuuliza Nekesa kumeendaje.

"Poa tu. Kuna huyo Mzee Muthoka, ako na moyo safi, jamani. Vile anatunza mamake, hata kumbadilisha anambadilisha."

"Muthoka gani?"

"Wa huko juu kwa kanisa. Mamake ni Ndinda."

"Ndinda tulimzika, Nekesa. Mimi nilikula wali huko."

Alicheka, akidhani ni ule utani wangu. Kisha akaitazama tableti, akanitazama mimi, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Lakini ameniambia ni mama," akasema.

Na kweli alikuwa amesema. Wengine wenu hamtoki huku, kwa hiyo niwaeleze. Kwetu, mtoto wa kike akipewa jina la nyanya yake, baba yake halitaji jina hilo ovyo ovyo, maana ni jina la mama yake mzazi. Humwita mwaitu, yaani mama yangu, na akizungumza Kiswahili humwita mama. Mtoto hajaota jino, lakini ni mama na anapewa heshima zake. Mimi mwenyewe ninaye mama wa aina hiyo. Yuko chuo kikuu na bado ananiomba nauli. Muthoka alikuwa na msichana mchanga, Ndinda mdogo, ambaye kadi yake ya chanjo ilikuwa bado ya karatasi na tableti haikuwahi kumsikia. Hawezi kutembea, hana meno, anakunywa uji, anabadilishwa. Kila jibu alilotoa Muthoka lilikuwa kweli tupu.

Nilipiga simu yake. Haikupatikana, kule juu mtandao hushika ukisimama kwenye jiwe fulani. Nikakimbia nje kutafuta bodaboda, na Kimeu akanikuta langoni.

"Unaenda wapi? Na ripoti?"

"Iko kwa printa."

"Na ikikwama tena?"

Nilimwambia neno ambalo sitaliandika, kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa.

Njia ile ya juu mnaijua, mawe matupu. Nilikaa nyuma ya kijana wa bodaboda, nikihesabu vidonge kichwani na uzito wa mtoto, na kila nikihesabu jibu lilikuwa baya. Tumbo la mtoto mchanga likifungwa namna ile linaweza kusimama kabisa, na pumzi nayo ikafuata. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile tena, na nilikuwa na hasira na kila kitu chenye waya.

Niliwakuta kivulini kando ya jiko. Mwikali, mke wa Muthoka, alikuwa amempakata mtoto, kikombe cha uji mkononi, na Muthoka ameshika kile kichwa kidogo kisigeuke.

"Msimpe!" nilipiga kelele tangu kwenye ua. "Msimpe hiyo!"

Mwikali alishtuka, uji ukamwagika kwenye leso. "Nimempa kijiko moja tu, ametema yote. Hii dawa ni chungu, anakataa."

Tulikuwa tumesoma sote, mimi, Nekesa, na vijana wa Wote, na aliyekuwa na akili siku hiyo ni yule aliyetema. Nilimchukua, nikamwangalia mdomo, nikasikiliza pumzi yake. Kisha nikamgeukia baba yake, kwa sababu nilitaka kusikia kwa kinywa chake.

"Muthoka, hii dawa ulienda kuchukulia mama gani? Mama aliyekuzaa ama uliyemzaa?"

Alinitazama kama anayemtazama mtu anayemtania mfiwa.

"Aliyenizaa si tulimzika na wewe ukiwa hapo? Nimebaki na huyu."

Nikamweleza, polepole, kwamba zile tembe ni za mtu mzima, na zingefanya nini. Hakupiga kelele. Aliketi chini kwenye vumbi, akaiangalia mikono yake.

"Niliambiwa niponde," akasema. "Nikaponda mimi mwenyewe, na hizi mikono." Akainua kichwa. "Daktari, nimezika mama mmoja juzi. Mlikuwa mnataka nizike na wa pili?"

Nilimwomba msamaha kwa niaba ya kituo, jambo ambalo wakubwa baadaye walisema sikuwa na mamlaka ya kufanya.

Utosi wa mtoto ulikuwa umebonyea, na ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Tuliteremka naye kituoni, Mwikali amembeba mbele yangu kwenye pikipiki. Nekesa alikuwa ameshatayarisha maji ya chumvi na sukari na kijiko. Alikuwa amelia, uso umevimba, na alitaka kuniachia mtoto kwa sababu anaogopa kumgusa. Nilikataa. Nilimwambia ashike kijiko yeye, mimi nitahesabu pumzi. Tulimpa maji kidogo kidogo, akitapika tunangoja, kisha tunaanza upya. Muthoka, aliyetufuata kwa miguu, alisimama nje dirishani, hakuketi hata tulipomletea kiti.

Katikati ya hayo, Kimeu akatokeza mlangoni na kukohoa.

"Mutinda, samahani. Ile kitu imekwama."

"Niko na mgonjwa," nikasema.

Nilikuwa nimewahi kumwambia maneno hayo mara nyingi, kisha nikasimama na kumfuata. Safari hii nilibaki nimekaa. Kimeu alimtazama mtoto, akamtazama Muthoka dirishani, akaenda. Nasikia aliipiga printa teke, nayo ikafanya kazi hadi jioni.

Kabla jua halijatua, Mwaitu alinikojolea. Alinilowesha kuanzia kifuani hadi magotini, na sijawahi kufurahia kuloweshwa namna ile. Mwili wenye maji ya kumwaga umeshaanza kupona. Nekesa alicheka na kulia kwa pamoja. Muthoka akaingia ndani sasa, akamchukua mtoto, akamwambia kwa Kikamba, kwa ile sauti ya mtu anayezungumza na mkubwa wake, kwamba amemtisha sana, asirudie.

Tuliitwa Wote kueleza. Mezani kulikuwa na wakubwa wengi na chupa za maji nyingi zaidi, na yule kijana wa mfumo, bado bila soksi. Mkubwa mmoja aliuliza kwa nini wazazi wa Kikamba wasiambiwe waache kuwaita watoto mama, ingekuwa rahisi kuliko kubadilisha tableti. Mwingine alitaka Nekesa aandikiwe barua. Nikasimama, nikawatajia maswali ambayo mimi ningemuuliza Muthoka, kisha nikawaambia mambo mawili: zimeni hiyo alama nyekundu, na muuguzi aliye na mgonjwa asiitwe na printa. Waliandika yote mawili. Baada ya chai wakaniita kando na kunipa ofisi: nihamie Wote niwe mshauri wa mfumo, kwa kuwa nazijua pande zote mbili. Kulikuwa na kiti kinachozunguka, nilikiona kwa macho yangu. Nikawaambia mimi ni muuguzi. Mmoja akanijibu, "Tunajua, lakini tunaongea mambo ya maana." Niliporudi Mbooni nilimkabidhi Kimeu bisibisi yangu, mkononi, mbele ya watu, na sikuishika tena.

Alama nyekundu haikuzimwa, kama mnavyojua. Walichofanya ni kuongeza kisanduku. Mnakiona kila siku, chini ya jina la mgonjwa: "Je, mama ni mtoto? Ndiyo. Hapana." Walipokituma tulicheka hadi mbavu zikauma, mimi nikiwa wa kwanza. Watu wazima, wenye shahada, waliketi Wote wakaandika swali lile kwa Kiswahili sanifu. Kwa miaka nimelitania kwenye kila sherehe, na nyinyi mmelirithi pamoja na utani wake, bila kuambiwa lilitoka wapi.

Wiki yangu ya mwisho kazini niliketi nyuma ya mmoja wenu, jina nalihifadhi. Alikuwa hodari, vidole vinapita kwenye tableti haraka kuliko macho yangu. Mgonjwa wa kwanza, Hapana. Wa pili, Hapana. Wa tatu alikuwa baba amekuja peke yake kuchukua dawa ya mama, na kidole kikaenda Hapana kabla baba hajamaliza kuketi. Nikamshika mkono.

"Mbona unabonyeza Hapana na hujamuuliza?"

"Aki mzee, ukibonyeza Ndiyo inaleta maswali mengine mob, hayaishi. Na laini umeiona."

Nikamwambia abonyeze Ndiyo, tuyaone. Mimi pia sikuwa nimewahi kuyaona. Nilikuwa nashughulika kucheka. Akabonyeza. Yakatokea moja baada ya jingine, kwa maneno mepesi: mtoto ana umri gani, amenyonya lini, amekojoa mara ya mwisho lini, ukimfinya ngozi inarudi haraka, anayemtunza nyumbani ni nani, na je, unaweza kumleta tumwone. Nilivaa miwani nikayasoma tena. Yalikuwa maswali yangu, yote, na hakuna lililopungua. Yule kijana wa viatu bila soksi alinisikiliza siku ile Wote kuliko mtu mwingine yeyote mezani, akaenda akayaandika moja moja, na yamekaa humo ndani miaka yote hii yakingoja mmoja wetu abonyeze Ndiyo.